Kutoka Mbezi Beach Hadi Kitintale: Viwanja vya Skeiti Vinavyostahili Nauli Yako

Kijana wa Mbezi Beach, Dar es Salaam, mwenye bodi ya skeiti ana tatizo la sakafu. Barabara ya Bagamoyo ni ya malori, daladala na bodaboda; pale hata mwenda kwa miguu anavuka kwa dua, seuze mtu aliyepanda magurudumu manne ya milimita 52. Ukiingia mitaa ya ndani, ukishuka Africana kuelekea baharini au ukipanda njia ya Goba, unakuta lami kipande, pavingi kipande, kisha vumbi. Penye lami nzuri pana matuta. Pasipo na matuta upepo wa bahari umeshatandaza mchanga, na mchanga mkavu juu ya lami unaangusha watu kuliko jiwe, kwa sababu jiwe unaliona. Basi vijana wanajibanza kwenye maegesho ya maduka mpaka mlinzi awatimue, na wazazi wakiona watoto wao wanatimuliwa kila wiki wanahitimisha kwamba mchezo wenyewe ni wa kihuni.

Ushauri wangu kwa vijana hao, na kwa wazazi wenye kulipa nauli, ni huu: fungeni safari, angalau moja, mwende kwenye uwanja uliojengwa kwa ajili ya mchezo huu. Afrika Mashariki vipo, na viwili nitakavyovitaja kwanza vinafikika kwa basi. Ila mwende na kazi mbili. Ya kwanza ni kuteleza. Ya pili ni kuuliza maswali: ardhi iliombwa kwa nani, zege alimwaga nani, ufunguo unakaa kwa nani, na anayefagia asubuhi ni nani. Kimoja kati ya hivyo kilianzishwa na watu wasio na mengi kutuzidi sisi wa Kinondoni, na majibu ya maswali hayo yana faida kwetu sawa na zege lenyewe.

Ningeanza na Kampala, ingawa ndiyo ya mbali. Kitintale ni mtaa wa watu wa kawaida upande wa mashariki wa jiji, kwenye barabara iendayo Luzira na bandari ya Port Bell. Mwaka 2006 vijana wa hapo, Jackson Mubiru akiwa mstari wa mbele, walijenga uwanja wa skeiti wa kwanza nchini Uganda. Hawakungoja mkandarasi. Walichimba, wakachanganya zege, wakalisawazisha kwa mikono yao, na bodi chache zilizokuwapo wakapokezana. Chama chao kinaitwa Uganda Skateboard Union. Mpiga picha wa Uswisi, Yann Gross, alikwenda kuwapiga picha, na kazi yake ikalifanya jina la Kitintale lijulikane kwa waskeiti wa mbali ambao Kampala yenyewe wasingeweza kuionyesha kwenye ramani.

Usiende ukitarajia ukubwa. Uwanja uko katikati ya makazi, na zege lililosawazishwa kwa mkono na watu waliokuwa bado wanajifunza huwa na mabonde madogo, viraka na maungio yanayogonga. Kwa mtu wa Mbezi Beach hilo lisiwe la kutisha, maana miguu yetu imeshazoea sakafu mbaya. Funga magurudumu makubwa kidogo, milimita 54 hadi 56, punguza pupa, kisha tazama watoto wa hapo wanavyolijua kila bonde kwa moyo. Kitintale inafaa kwa anayetaka kuona mchezo unavyoweza kuota ndani ya mtaa, watoto wakirudi shule wanapita uwanjani kwanza kabla ya nyumbani. Ndiyo maana naiweka mbele ya viwanja vikubwa na vizuri kuliko hiyo. Ukitokea katikati ya mji, panda taksi, ambayo kwa Kampala ndiyo daladala, inayokwenda upande wa Luzira, umwambie konda akushushe Kitintale. Fika alasiri, wanafunzi wakishatoka madarasani.

Nairobi iko njiani, kwa hiyo mwenye siku za kutosha aunganishe miji yote miwili kwa safari moja: basi la Dar kupitia Chalinze, Segera, Moshi na Arusha, mpaka wa Namanga, Nairobi, halafu Kampala. Uwanja wa kutafuta Nairobi uko Kangemi, pembeni ya Waiyaki Way ukishapita Westlands, ndani ya kituo cha watoto cha Shangilia. Kituo hicho kilianzishwa na mwigizaji wa jukwaani Anne Wanjugu katika miaka ya 1990 kwa ajili ya watoto wa mitaani, na tangu mwanzo kililea kwa sanaa: ngoma, maigizo, sarakasi. Mwaka 2013 shirika la Ujerumani la skate-aid, alilolianzisha Titus Dittmann, lilijenga hapo uwanja wa zege wenye mabakuli, miteremko na ngazi. Kwa ubora wa sakafu ni daraja jingine kabisa. Zege limepigwa mwiko na watu wenye ujuzi wa kazi hiyo, na mtu aliyezoea pavingi za kwetu atashtuka jinsi bodi inavyokimbia bila kusukumwa.

Kwa Shangilia nina sharti moja ambalo naomba mzazi alisimamie. Pale ni nyumbani kwa watoto. Usitokee getini na begi mgongoni ukidhani ni bustani ya jiji. Wasiliana na kituo kabla hujakata tiketi, uliza siku ambazo wageni wanapokewa, ukifika sema wewe ni nani na umetoka wapi. Usimpige picha mtoto yeyote bila ruhusa ya walezi, hata kama mtoto mwenyewe anakukimbilia akiweka pozi. Ukiwa na bodi ya akiba, viatu vilivyokubana au helmeti isiyokutosha, beba. Na ukiwa na saa mbili za kuteleza, moja iwe ya kufundishana na watoto hao. Utagundua kwamba wanaofundisha ni wao.

Ukibaki Nairobi Jumapili, pita katikati ya mji kwenye maegesho yanayoitwa Sunken Car Park. Magari yakipungua siku ya mapumziko, wapenzi wa viatu vya magurudumu huyateka. Huo si uwanja wa bodi, lakini mwenye viatu vya magurudumu, na Dar wako wengi, atajifunza zaidi pale kwa mchana mmoja kuliko kwa mwezi mzima wa kuzunguka peke yake. Jambo la kushika: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wewe umetoka Mbezi Beach unakosikia mawimbi. Siku ya kwanza pumzi itakuishia mapema. Usilazimishe. Miezi ya Juni hadi Agosti beba koti, na kuanzia Machi hadi Mei ujue kwamba mvua inaweza kukufungia ndani safari nzima, maana zege lililolowa halitelezeki kwa usalama na hakuna mwenyeji wa maana atakayekuruhusu ujaribu.

Addis Ababa ni ya mwenye nauli ya ndege. Mwaka 2016 vijana wa Ethiopia Skate walishirikiana na shirika la Make Life Skate Life na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, wakamwaga uwanja wa umma ambao mtoto anaingia bila kulipa. Naitaja hasa kwa wazazi wa mabinti. Addis kuna kundi la wasichana, Ethiopian Girl Skaters, wenye muda wao wa kukutana na kufundishana wao kwa wao, na msichana anayeona aibu kuanguka mbele ya wavulana atapumua akifika pale. Mji uko juu zaidi ya mita 2,300, kwa hiyo niliyosema kuhusu pumzi yazidishe. Wenye ndugu Ghuba, nao si haba huku kwetu, waulize habari za Sharjah: uwanja wa Aljada ndipo yalipofanyika mashindano ya dunia ya skeiti Februari 2023. Nenda kati ya Novemba na Machi, na hata hapo subiri jua lishuke.

Mzazi anayesita nimweleze jambo moja. Skeiti iliingia kwenye Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo, michezo ya 2020 iliyofanyika 2021, na medali ya dhahabu ya wanawake ya mtindo wa mtaani ilichukuliwa na Momiji Nishiya wa Japani akiwa na umri wa miaka 13. Katika michezo hiyo hiyo Dallas Oberholzer wa Afrika Kusini alishindana akiwa na miaka 46, kisha akarudi tena Paris 2024. Huyo Oberholzer ndiye aliyeanzisha kambi ya skeiti katika kijiji cha Isithumba, KwaZulu-Natal, ambako watoto wa Kizulu walijifunzia mchezo huu kwenye rampu iliyosimama kati ya milima. Mchezo wenye nafasi kwa binti wa miaka 13 na baba wa miaka 46 hauwezi kuitwa wa kihuni.

Sasa vyombo. Watu wengi wanaharibu safari kwa kubeba bodi isiyofaa. Magurudumu yana ukubwa na ugumu. Ugumu unaandikwa kwa namba na herufi A: yenye 78A hadi 87A ni laini, yanameza kokoto na mipasuko ya lami, ndiyo ya mitaa yetu; yenye 99A hadi 101A ni magumu, yanakimbia na kukata kona vizuri kwenye zege laini, ndiyo ya Shangilia. Nakushauri usinunue bodi mbili. Nunua seti mbili za magurudumu na spana moja, ubadilishe ukifika. Ubao wenyewe uwe wa tabaka saba za mbao ya maple, upana wa inchi 8 hadi 8.5 kwa mtu mzima. Bodi za plastiki zinazouzwa madukani na vitu vya kuchezea zinafaa kwa mtoto kujifunza kusimama, basi. Usimpeleke nazo Nairobi.

Beringi ndizo zinazotuumiza sisi wa pwani. Kila bodi ina nane, zile ndogo za namba 608, tundu milimita 8 na kipenyo milimita 22, na chumvi ya hewa ya bahari inaziingia taratibu mpaka siku moja gurudumu linakwama. Zitoe kila baada ya wiki chache, zisafishe kwa spiriti, zikaushe kabisa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila moja. Mafuta ya kula yanaganda na kukusanya vumbi. Usioshe bodi kwa maji hata ikijaa tope. Ubao ukinywa maji unavimba na tabaka zinaachana.

Kinga mwilini ianze na kiganja. Anayeanguka hunyoosha mkono bila kufikiri, na kifundo cha mkono ndicho kinachopokea uzito wote, kwa hiyo kinga ya kifundo ni muhimu kwa anayeanza kuliko ya kiwiko. Helmeti haina mjadala. Ile ya bodaboda ni nzito na inaziba masikio. Tafuta ya baiskeli au ya skeiti inayoshuka mpaka kisogoni. Kabla ya safari, mtoto afundishwe kuanguka: akunje magoti, azungushe bega, abiringike. Afanyie kwenye nyasi, hata ufukweni, mara nyingi mpaka mwili uache kubishana. Viatu viwe na soli bapa. Nyaraka ni pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo mpaka wa Uganda huiulizia. Kama mtoto anasafiri na kocha au mjomba, ashike barua ya ridhaa yenye sahihi ya wazazi.

Uwanjani kuna adabu, na mgeni asiyeijua hutengwa haraka. Ukifika, kaa pembeni kwanza. Tazama watu wanaingilia wapi, wanatokea wapi, nani anampisha nani. Zamu haina foleni ya kuonekana kwa macho, ila ipo, na anayekatiza njia ya mwenzake huweza kumvunja mguu. Salimia wakubwa. Usikae juu ya ukingo ambao watu wanautelezea. Usipake nta kwenye kingo bila kuomba, kwa sababu ukingo uliopakwa nta bila taarifa unamkimbia mtu miguuni akiwa na mwendo. Mwenzio akifanikiwa jambo alilolijaribu kwa muda mrefu, gonga ubao chini kama wenyeji wanavyofanya. Ndiyo makofi yao. Ukimaliza, okota chupa zako.

Nirudi kwenye ile kazi ya pili, kwa sababu kwangu ndiyo yenye uzito. Sisi wa Mbezi Beach tunakaa jirani na saruji. Kiwanda cha Wazo, pale Tegeta, kimekuwa kikitoa saruji tangu miaka ya 1960, na malori yake tunayaona kila siku. Mafundi waashi tunao. Vijana tunao. Kitintale walifanya kwa kidogo kuliko hicho. Na huko Accra, Desemba 2021, kundi la Surf Ghana likiongozwa na Sandy Alibo lilifungua uwanja wa umma wa skeiti, Freedom Skatepark, baada ya miaka ya vijana wao kuskeiti barabarani na kuzungumza na kila aliyekubali kuwasikiliza. Huko kote kundi la watu wanaokutana kila wiki lilitangulia, zege likafuata.

Kwa hiyo msianze na kuomba uwanja. Anzeni na Jumamosi. Tafuteni shule au kanisa lenye maegesho ya zege yanayobaki tupu mchana wa siku hiyo, andikeni barua kwa mwenye mali, mwahidi muda wa kuingia na kutoka, mfagie kabla na baada. Fundi seremala awatengenezee boksi la mbao, urefu wa mita mbili na kimo cha sentimita 30, lenye chuma cha pembe ukingoni. Fundi wa kuchomea awaungie reli ya skwea paipu ya kimo cha goti. Vyote viwili vinabebeka kwa guta. Hapo mna uwanja wa kubomoa na kujenga, na kila mtu mtaani ataona ninyi ni watu wa namna gani. Mkiweza kukutana hivyo mwaka mzima bila ugomvi na jirani, mna hoja ya kupeleka serikali ya mtaa.

Siku ya zege ikifika, fundi wenu atawaambia anajua, na kwa nyumba anajua kweli. Kwa skeiti kuna matatu ya kumkumbusha. Mchanga wa ufukweni usiguse kazi. Una chumvi, na chumvi inakula nondo. Niru tuliyoizoea sebuleni haifai, kwa kuwa ni ngozi nyembamba inayobanduka ikigongwa na chuma. Zege lenyewe lisuguliwe kwa mwiko wa chuma likiwa bado bichi, mpaka ling'ae. Na sakafu iwe na mwinamo mdogo wa kutosha kuondoa maji ya masika, kisha imwagiliwe maji angalau siku saba kabla gurudumu halijapita. Kwa hesabu ya haraka, sakafu ya mita 10 kwa 20 yenye unene wa sentimita 10 ni mita 20 za ujazo, na kwa mchanganyiko wa kawaida wa moja kwa mbili kwa nne inakula mifuko 6 hadi 7 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Hiyo ni mifuko 120 hadi 140, bila kuhesabu mchanga, kokoto, nondo na mikono. Ni fedha nyingi kwa kijana mmoja, na kwa mtaa wenye harusi zinazochangiwa kila mwezi si fedha ya kushindikana.

Ardhi ndiyo ngumu. Maeneo ya wazi ya Dar es Salaam yamemegwa sana, na yaliyobaki yanatolewa macho. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza, halafu mtendaji wa kata, diwani, ndipo maombi yafike manispaa ya Kinondoni yakiwa na mihuri yote. Kwenye maombi wekeni picha za Jumamosi zenu, majina ya wazazi watano waliokubali kuwa wasimamizi, mchoro wenye vipimo, maelezo ya maji ya mvua yatakwenda wapi, saa za kufungua na kufunga, na jina la mtu atakayeshika ufunguo. Mpaka maombi hayo yawe yamejibu kila swali la jirani anayeogopa kelele, msiyawasilishe. Jirani huyo mfuateni nyumbani kwake jioni, mkiwa wawili au watatu na mzazi mmoja, kabla hajasikia habari zenu kwa mtu mwingine.